Kiti cha Nyuma cha Ndeke ya Shule

Shituru, Likasi, usiku wa kuamkia safari yako

Fidele mwanangu,

Sanduku lako umelifunga kwa kamba ya mama yako ya kuanikia nguo, na hukumwomba. Alikuona akanyamaza. Mama yako akinyamaza ujue kuna jambo, lakini wewe tangu upewe ile karatasi ya jeshi ya kwenda Kolwezi huna habari na jambo lolote ila ndeke, hizo ndege zao. Basi lala. Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu tangu Jumapili umefanya kazi ya kufoka tu, na mtu akifokewa hasikii. Sitakuambia ufue soksi wala ukumbuke kusali. Hayo mama yako amekuambia mpaka umechoka. Nataka kukueleza kwa nini sitaki ukalie kile kiti. Nitaeleza polepole, maana nikiharakisha nitaanza tena kutukana.

Unasema ni ndeke ya shule tu. Kweli ni ya shule. Ina pangaboi moja, ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine chini ya kioo kimoja kirefu, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma. Iliundwa ili kijana ajifunze kupanda na kushuka bila kujiua. Sasa wameifungia bunduki kwenye mabawa, na chini ya tumbo wametundika mabomu madogo. Mbele atakaa mzungu wa kulipwa, ambaye hajui nchi hii hata akionyeshwa kwa kidole. Nyuma, kwenye kiti cha mwalimu, utakaa wewe, umfundishe huko chini kipi ni kipi. Ndiyo maana wamekutaka. Wamesikia unasema Kifaransa cha masista, Kisanga changu na Kiluba cha mama yako, na kwamba likizo zako zote umekulia kwenye vijiji vya Lufira ya chini. Wewe umesikia ahadi moja tu, kwamba vita vikiisha watakufundisha kurusha.

Na kupenda ndeke nilikufundisha mimi, hilo silikatai. Unakumbuka vita vya hapa mjini, askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, walipozingirwa kule pembeni? Tulipanda kilimani na nusu ya Shituru tukaangalia kama tuko kwenye mpira. Ile iliyokuja siku ile nayo ilikuwa ndeke ya kufundishia, ila nyembamba, isiyo na pangaboi, inayopiga mluzi. Ikashuka, ikatema moto, lori lao likawaka na mtu akatoka ndani yake anawaka vilevile, akakimbia hatua chache, akalala. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikarusha kofia yangu juu. Nikakugeukia nikakupiga bega, nikakwambia, "Unaona? Katanga iko na ndeke!" Ukacheka, kwa sababu baba yako alikuwa anacheka.

Mama yako alisimama nyuma yetu na kitenge mdomoni. Akasema, "Baba Fidele, weye unacheka. Bale nabo beko na bamama yabo."

Nikamjibu mbele ya watu, "Hii ni vita, mama, hapana kwaya ya kanisa." Majirani wakacheka nami nikajiona nimesema neno la maana. Siku waliyojisalimisha nilimwona mmoja wao kwenye lori, kijana wa rika lako, midomo imepasuka kwa kiu, damu ya mwenzake imemkaukia shingoni. Aliniangalia. Nilitaka kumpa maji, lakini niliogopa watu niliocheka nao, nikaenda zangu nyumbani.

Sasa nikueleze kuhusu Mukalay. Jina lake unalijua, na unajua watu wa mtaa wanasema kwamba siku ile nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Laiti ningekuwa.

Kazi yangu kwenye machimbo ya Kakontwe unaijua, ni baruti. Mashimo yakishatobolewa kwenye jiwe la chokaa na baruti ikiwa ndani, honi inalia, watu wote wanatoka shimoni. Kisha mtu mmoja anasimama ukingoni anaangalia chini. Akiona pametulia anainua bendera, na utambi unawashwa. Siku ile mwangalizi nilikuwa mimi. Niliangalia vizuri, Fidele, macho yangu yalikuwa mazima na jua lilikuwa nyuma yangu. Nikaona toroli, nikaona sururu, nikaona magunia matupu yamelala kivulini mwa jiwe. Nikainua bendera.

Gunia moja lilikuwa Mukalay. Homa ilimshika, akajifunika magunia akalala, na honi hakuisikia. Tulipoteremka, vumbi bado jeupe, mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya toroli na kiatu chake, umekaa vizuri kana kwamba mtu ameuweka. Sehemu nyingine tulizikusanya na koleo. Kapita wetu, msimamizi wa kazi, alitapika. Mimi sikutapika, nilisimama tu nikisema, "Nilidhani ni gunia, nilidhani ni gunia," mpaka mtu akanipiga kofi.

Asubuhi ile nilikuwa nimekula na Mukalay bukari ya mahindi kwenye sahani moja. Nilijua anavyotembea, nilijua anavyokohoa. Toka juu sikumjua. Ukiwa juu mtu anakuwa kitu miongoni mwa vitu, na kadiri unavyojiamini ndivyo unavyoinua bendera upesi. Nami nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, pasipo kelele, pasipo haraka. Wewe utakuwa unapita mbio huku injini inakutoboa masikio na mtu mbele anakuuliza: ni nini pale? ni nini pale? upesi!

Nafika sasa kwenye kilio cha mjomba wako Banza, kule Lufira ya chini. Wewe ulikuwa kwenye mitihani, hukwenda. Ulielezwa ulivyoelezwa. Mimi sijakueleza, na mama yako hawezi.

Unajua kwa bakwe zangu, ndugu za mama yako, kilio kikitokea, mkwe wa kiume, muko kama wanavyomwita, ndiye punda. Kuni ni zake, kaburi ni lake, na ni yeye anayekata matawi ya mchikichi na kuyasimika pande mbili za barabara, ili anayepita ajue kuna msiba, apunguze mwendo na kunyamaza. Nilifika na mama yako jioni, nikaanza kukata. Lakini barabara ile malori ya samaki yalikuwa yanapita kwa fujo, vumbi mpaka ndani kwa marehemu, honi juu ya wimbo wa wazee. Nikakasirika. Nikaona matawi hayatoshi. Nikaangusha mti mzima, nikaukokota na vijana wawili, nikaulaza katikati ya barabara. Wazee wakanisifu. "Muko wetu iko na nguvu!" Nikavimba kichwa, nikaongeza mwingine.

Na nilijua, Fidele. Nchi yote ilijua kwamba vijana wa kaskazini walioasi wanakata miti na kufunga barabara ili jandarme, askari wa Katanga, wasipite. Nilijua kizuizi ni nini. Ila akilini mwangu kizuizi kilikuwa kitu kimoja na kilio kitu kingine, maana nilikuwa chini, nikisikia wanawake wanalia. Sikuwaza hata kidogo kwamba anayepita juu hasikii kilio.

Asubuhi wanaume tulikuwa bado tumelala nje kuzunguka moto, kama desturi ilivyo, tumejifunika mablanketi. Wanawake walikuwa ndani ya nyumba na marehemu. Ngoie, yule binti wa mjomba wako aliyekusukia kamba za mitego, alikuwa anatoka mtoni na beseni la maji kichwani. Ndeke ikaja chini chini, inanguruma, tukaamka. Watoto wakatoka mbio wanapunga mikono, wanaimba, "Ndeke ya masomo! Ndeke ya masomo!" Wamezoea kuiona inapita. Hata mimi nilipunga. Nilikuwa najidai mbele ya bakwe kwamba kwetu Likasi hizi tunazijua.

Ilipopita juu yetu iliinama upande mmoja na nikaona ndani. Mbele kichwa cha mzungu. Nyuma mtu mweusi, kofia ya ngozi, kijana. Alinyoosha mkono kutuelekea. Nikasema, tazama, ni mtu wa kwetu, anatusalimu.

Ikazunguka ikarudi. Mchanga ukaanza kuruka kwenye mstari, unakuja. Mzee aliyekuwa anachochea moto alipigwa kiunoni, akaangukia motoni, na hakuna aliyeweza kumtoa kwa sababu kila mtu alikuwa amelala kifudifudi. Alilia kwa muda. Nilimwona Ngoie amesimama njiani haelewi aende wapi. Beseni likatoboka, maji yakamwagika usoni pake, nami nikafurahi, nikasema afadhali ni beseni tu. Kisha akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na kifua chake chote kilikuwa wazi. Mtoto mdogo aliyekuwa anapunga mkono alikuwa bado ameuinua mkono ule, ila uso hakuwa nao.

Mara ya tatu ilidondosha mabomu. Moja liliingia barabarani kwenye miti yangu, likaitupa huko. Jingine likaingia nyumbani kwa marehemu, mlimokuwa na wanawake.

Mimi ni mtu wa baruti, nilikuwa nadhani najua mlipuko. Kakontwe jiwe likipasuka halilii. Nilichimba ule udongo kwa mikono, nikivuta kila kitenge nilichokiona, na vitenge vingine vilikuja vyepesi. Mama yako nilimpata chini ya mlango, mlango ndio uliomwokoa. Damu ilikuwa inamtoka sikioni, anafungua mdomo hasemi kitu. Mjomba wako Banza, aliyekuwa amekwisha kufa kwa homa kitandani pake kama Mkristo, alitupwa nje mpaka kwenye mihogo, suti yake ya harusi inaungua.

Tulizika jioni ile. Nilichimba mimi, muko. Hatukuwa na mbao za kutosha wala hatukuwa na uhakika. Kuna mkono tuliouzika na mtu ambaye labda si wake. Nilipomaliza, bibi yako, mama wa mama yako, alinijia ameshika fimbo. Nilidhani atanipiga, nami nilitaka anipige. Akasema tu, "Muko, ondosha ile miti mu njia." Nikaenda nikaiondoa, vipande vilivyobaki.

Sasa Jumapili ukaniambia yale maneno yako, na ndiyo yaliyoninyima usingizi, kwa sababu si maneno ya mpumbavu. Ulisema, "Papa, minye sitatupa hata kintu. Nitaangalia tu. Nitabaambia, pale ni kilio, pale ni balobaji ba samaki, mupite. Kama hapana minye, batatwaa mwingine mwenye hajue kintu. Ngoie angekuwa muzima kama minye njo nilikuwa mule."

Nikakutupia kikombe. Nisamehe kikombe. Jibu nimelitafuta mpaka sasa.

Jibu langu ni ule mkono wa ndani ya ndeke. Nimeufikiria kila siku. Mwanzoni nilimlaani yule kijana kwa majina yote ninayoyajua, kwa sababu alinyoosha mkono akatuonyesha. Kisha uliposema ya Jumapili nikashtuka. Huenda naye alikuwa na mama wa huko. Huenda naye alimwambia baba yake, nitaangalia tu. Huenda pale juu alikuwa anapiga kelele mpaka koo linachanika, "Ile ni kilio! Acha!" na mkono wake ulikuwa unasema acha. Mimi niliyekuwa chini niliona mkono, ndeke ikarudi, watu wakafa. Kitufe cha bunduki kiko mbele, Fidele. Nyuma kuna mdomo tu, na injini ile inanguruma kuliko mdomo wowote. Mzungu wa mbele akiona miti imelala barabarani na wanaume wamelala kuzunguka moto, atakuuliza wewe au ataamini macho yake? Mimi mwenyewe niliyaamini ya kwangu, na Mukalay alikuwa rafiki yangu.

Na kuna kingine, hiki ni kibaya zaidi, nakijua kwa mwili wangu. Siku ya kwanza watakapokataa kukusikiliza utalia. Utasema narudi nyumbani. Kisha utajiambia, nikiondoka nani atawaonya? Utapanda tena. Siku nyingine watakusikiliza mara moja, na kwa ile mara moja utavumilia nyingine nyingi. Baadaye utakuwa unashuka, unanawa, unakula nao. Mimi baada ya Mukalay nilisema sishiki tena bendera. Nikaishika. Nyumba ni ya kazi, chakula ni cha kazi, wewe ulikuwa unaanza shule. Nilirudi ukingoni, nikainua bendera, na mchana nikala. Hakuna mtu aliyenilazimisha kuzoea. Kuzoea kulikuja kwenyewe.

Yule mzungu wa jandarme alipokuja hapa nyumbani kukutaka, alikaa kwenye kiti changu akaongea kwa adabu. Mama yako alikaa karibu naye, amemgeuzia sikio la kushoto, lile lisilosikia tena. Mzungu akadhani anamsikiliza kwa makini, akawa anamtabasamia. Alisema mambo ya kaskazini yanasikitisha, ndiyo sababu wanahitaji vijana wenye akili kama wewe. Wewe ulikuwa unatikisa kichwa. Nilikuangalia nikakuona mzuri, mrefu, shati jeupe, na nilikupenda mpaka nikakasirika. Nakupenda, Fidele. Sijawahi kukuambia kwa maneno kwa sababu kwetu baba hasemi, lakini usiku huu nasema.

Nimewaza namna ya kukuzuia. Nimewaza kulificha sanduku. Nimewaza kukuvunja mguu, Mungu anisamehe, nimewaza hata mguu upi. Lakini umeshakuwa mwanaume, na ukibaki kwa kuvunjwa mguu utanichukia mimi na kuendelea kukipenda kiti. Mama yako ndiye aliyepata njia. Jana nilikuwa nagombana na ukuta, yeye anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Acha makelele, baba Fidele. Mutoto wetu anaenda juu. Basi siye tuende chini."

Sikumwelewa. Akarudia, "Anasema ataangalia. Aangalie. Tutakuwa pale penye anaangalia."

Kwa hiyo leo nimerudisha kofia ya kazi Kakontwe. Kapita alidhani nimepata wazimu. Nyumba hii wataichukua, ni yao. Lori la samaki linarudi Lufira ya chini kabla ya mapambazuko, kabla gari la jandarme halijaja kukuchukua, na dereva ametupa nafasi juu ya masanduku matupu. Amesema kama tuna mtu mmoja zaidi atambananisha. Sikumwambia ndiyo wala hapana.

Usiseme nakutisha. Nakutisha, ndiyo, sina kingine cha kukupa. Lakini usidhani ni mchezo wa kukuliza halafu turudi. Mama yako amefunga vyungu vyake. Bibi yako amebaki na watoto wasio na mama, na mimi bado ni muko pale, nina kazi ya kufanya. Watu watakufa kama wanavyokufa siku zote, nami nitakata matawi na kuyasimika barabarani, kwa sababu hatuwezi kuwazika watu wetu kwa kujificha. Wanaume tutalala nje kuzunguka moto. Ndeke ikipita watoto watakimbilia vichakani sasa, na toka juu watakaokimbia wataonekana kama wenye hatia.

Barua hii naiweka juu ya sanduku lako. Nitapita kukuangalia umelala, kisha tutatoka. Ukiamka mapema, lori liko kwenye njia panda ya soko. Ukiamka na jua, basi umechagua, na sitakulaani, wala mama yako hatakulaani, amenituma nikuandikie hivyo.

Tutajenga pale pale palipokuwa na nyumba ya mjomba wako Banza. Unapajua.

Baba yako